Siku Nilipoujua Mrama

Siku moja mwanzoni mwa masika naikumbuka, mwanangu, mpaka leo kama naiota. Mto Kilombero umeanza kumwagika, ukungu umelala juu ya maji, na pale Kivukoni hujui ng'ambo iko wapi. Ilikuwa miaka ile ya hamsini. Mimi huyu unayeniona na mashine mbili za kukoboa mpunga, niliyeishia darasa la pili nikawapita wenye vyeti, nilikuwa kijana wa kifua na mdomo.

Nilikuwa na mama. Tulitoka kwa mjomba, upande wa Mahenge, na gunia moja la mbegu ya mpunga. Yetu ilikuwa imeoza. Gunia lile likizama, mwaka huo hatulimi.

Mtumbwi ulikuwa wa Mzee Matimbwa, baharia wa zamani aliyetoka pwani akaoa kwetu. Desturi ya kivuko ilikuwa moja: mkiwa majini, msemaji ni mwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Hata padri akipanda, alikaa chini akanyamaza.

Mimi nikasimama.

"Mzee, kulia! Kulia, kuna kisiki!"

"Kaa, bwana mdogo."

"Mto huu naujua mimi!"

"Unaujua kwa kuunywa."

Mama akacheka. Nikaudhika, nikanyakua kasia, nikavuta. Mzee anasukuma huku, mimi navuta kule. Mtumbwi ukakaa ubavu, ukaanza kulala kushoto, kulia, polepole, kama mtu anayesinzia. Maji yakaingia. Gunia likateleza, mama akalilalia kwa kifua huku akisali Salamu Maria.

Mzee wala hakupaza sauti. "Huo ndio mrama, kijana. Kila siku ninyi wa bara mnasema harusi imekwenda mrama, shamba limekwenda mrama. Neno la watu wa vyombo hilo. Leo umelipanda. Weka kasia."

Nikaweka. Nikakaa. Mtumbwi ukatulia, tukapita katikati ya mayungiyungi, kimya, kana kwamba ukingo ndio unaotujia sisi.

Nusu ya mbegu ililowa. Mbegu iliyolowa haingoji, huchipua. Tuliimwaga shambani kabla ya wakati, ndege wakashiba. Mwaka ule tulivuna nusu, na mama hakunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo liliniuma.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwanangu, ukiingia katika kazi ya mtu au nyumba ya mtu, tazama kwanza nani ameshika upondo, nawe ukae. Kujua si kupiga kelele. Mimi mwenyewe, pamoja na ujanja wangu wote, nilianza kupata siku nilipojifunza kukaa. Na zamu yako ikifika, sema kwa sauti ya chini.

Mungu akuvushe salama, mwanangu, na akupe watu wema wa kuvuka nao.