Bega la Kocha Crisanto

Saa kumi jioni, nyuma ya ghala la mbata mjini Bais, Crisanto Paglinawan anamfunga Merlita Ybañez bandeji mikononi, kidole kwa kidole. Mzee huyu wa miaka sitini na moja hushona viatu asubuhi kwa peso mia tatu, siku ikiwa njema. Jioni hufundisha ndondi, na hadai ada.

"Kaza kidogo, Nong," anasema Merlita, kwa jina la heshima kwa mwanamume mkubwa.

"Nikikaza utalia kama mbuzi, Day," anajibu mzee, kama aitwavyo binti huku.

Jumamosi Merlita, mwenye miaka kumi na tisa, anapigania nafasi katika timu ya taifa. Amemwahidi mama yake kwamba akishindwa anaacha ndondi, anakwenda Manila kufanya kazi za ndani.

Amepoteza mapambano matatu mfululizo kwa konde lile lile, linalopita juu ya mkono wake wa kulia ulioshuka. Mara nyingi alimwambia kocha kwamba anafundishwa vibaya. Crisanto, msomaji wa Maandiko kanisani, alimjia juu.

"Nilimwambia, 'Punguza kiburi, Day. Mnyenyekevu husikiliza,'" anakumbuka. "Nikamsomea na Wafilipi, sura ya pili yote!"

Mwezi uliopita jirani aliwarekodi kwa simu mabondia wote kumi na mmoja wakirusha makonde hewani. Crisanto akatazama. Mikono ya kulia yote ilikuwa imeshuka sawasawa, kama wa kwake. Bega lake lilivunjwa ulingoni miaka thelathini iliyopita, na halijapanda tena. Wanafunzi walikuwa wakimwiga kocha wao, pamoja na kilema chake.

"Nimewalemaza watoto wa watu," anasema.

Huku kwetu visiwa vya Visaya, mdogo huushika mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Salamu hiyo tunaiita "amen". Mkubwa hampi mdogo amen, kama babu asivyomwamkia mjukuu shikamoo.

Kesho yake, baada ya kuitazama video ile, Crisanto aliwakusanya wote, akaushika mkono wa Merlita, akainama, akaugusisha kwenye paji lake.

"Wewe uliona, mimi nikakunyamazisha. Nisamehe, Day."

Nilikuwepo. Nimeandika habari za michezo miaka ishirini, na mikanda ya ubingwa nimeiona ikivaliwa. Siku ile ndipo mwili uliponisisimka.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Merlita. "Nikamwambia, 'Inuka, Nong, utanitia laana!'"

Halafu mzee akapanda basi hadi Dumaguete kwa kocha Esteban Cadiz. Huyo ndiye aliyemvunja bega.

"Umefuata bega jingine?" Esteban alimtania.

"Nimekuletea bingwa, Teban. Mimi nimempinda, wewe mnyooshe."

Wiki tatu sasa Esteban huja Bais kumnoa Merlita. Mkono umeanza kupanda, ingawa akichoka bado unashuka.

Jumamosi atakayesimama kwenye kona ni Esteban. Crisanto ameomba kubeba ndoo.

"Akishinda watasema ni kazi ya Teban, na itakuwa kweli. Mimi nitakuwa chini nafuta maji, asije akateleza mtu."

Haimuumi?

"Inaniuma sana. Kwani mimi malaika?"

Merlita anakitema kikinga meno kiganjani.

"Usifutie mbali, Nong. Nikikaa kwenye kigoda nataka nikuone."