Aikande wa Akheri, Aliyewaosha Wazee wa Moshono

Alizaliwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mwezi Machi mwaka 2001, masika yakianza, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa. Wazazi wake wakulima walimpeleka kubatizwa angali mchanga. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kutangaza watakatifu, lakini waliomfahamu Aikande hulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama watu walio ibadani.

Mwaka 2021 alijiunga na chuo cha uuguzi mjini Arusha, akaingia kwaya ya wanafunzi. Kila Jumamosi wanakwaya walikwenda kujitolea Moshono, kwenye kituo kidogo cha wazee, kuwaosha na kuwalisha. Huko alimkuta Bibi Namnyaki, aliyepooza upande mmoja na kupoteza usemi. Mwanawe, Lesian, alikuwa ameacha kuja. Aliamini mama yake hamjui tena.

Mwaka wa pili Aikande alifeli mtihani wa mfumo wa fahamu. Mkufunzi wake, Mwalimu Elinaza, akamwita.

"Binti yangu, hapa ulikuja kusoma. Moshono utakwenda ukishahitimu."

Aikande aliinamisha kichwa. Aliwawaza wazazi wake, machozi yakamlenga. "Mtihani nitarudia, Mwalimu. Lakini nikimgeuza bibi kitandani ndipo ninapoelewa ulichotufundisha. Naomba usininyime."

Hakumnyima. Jumamosi iliyofuata, kwaya ilipokuwa ikiimba wimbo wa zamani wa kanisani, Aikande akimkanda bibi miguu, alisikia sauti yenye mikwaruzo ikiufuata ubeti mzima. Namnyaki, asiyeweza hata kuomba maji, alikuwa anaimba. Binti alirudi chuoni akamweleza mwalimu, wakafungua vitabu pamoja, akajifunza kwamba ubongo huweza kuutunza wimbo pale usemi ulipoharibika. Tangu hapo alimfundisha bibi kuomba maji kwa kuimba, kisha chai, kisha majina ya watu. Mtihani wenyewe aliurudia akafaulu vizuri. Ndipo alipompigia simu Lesian.

"Shikamoo, kaka. Njoo umsikilize mama."

Lesian alifika, akasita mlangoni. Mama yake alimtazama, akaliimba jina lake. Yule mwanamume mzima akapiga magoti. Madaktari wana maelezo yao. Lesian anasema ni Mungu. Mimi sibishani na yeyote kati yao.

Mwaka 2024, kabla hajahitimu, saratani ya damu ilimlaza Aikande. Wanakwaya wenzake walimwosha kwa zamu, naye aliona haya, kisha haya ikamtoka. Siku moja kabla ya kufariki alimwambia mama yake, "Waambie wanaokwenda Moshono wapashe maji moto zaidi. Mgonjwa husikia baridi kuliko tulivyodhani. Nilikuwa sijui."

Alizikwa Akheri, kando ya nyumba yao. Wanafunzi wangali wanakwenda Moshono, na Mwalimu Elinaza huenda nao. Nawe kijana uliye chuoni, soma kwa bidii, kisha nenda ukaoshe mtu. Kabla hujammwagia, tia kiwiko chako kwenye maji.