Sinia la Dada

Nilirudi Ifakara baada ya miaka mingi ya kuhamahama, mara kukata miwa, mara kuvuna mpunga wa watu, nikamkuta dada yangu amekaa peke yake uani kwa mama, mtaa wa Katindiuka. Nilimwamkia. Alipofungua mdomo kuitikia marahaba, harufu ilinifikia kabla ya sauti. Mashavu kwa ndani na fizi vilikuwa vimechubuka, vimevimba, vina utando mweupe unaoteleza. Nikageuza uso, nikajifanya natafuta pa kuweka begi.

Huyu ndiye aliyenilea. Nilipokuwa mdogo tulikula sinia moja; alinitafunia samaki wa perege, akatema miiba pembeni, akanilisha kwa vidole vyake. Sikuwahi kuona kinyaa. Kote nilikotembea nililikumbuka sinia lile.

Mama alikuwa amemtengea kikombe na bakuli. "Ni fangasi za mdomo tu," alisema, akamsukutulisha maji ya chumvi. Wiki chache baadaye malengelenge yakatokea kifuani. Mama akasema huo ni mkanda wa jeshi, ugonjwa mwingine kabisa. Yakafika mgongoni, yakapasuka, ngozi ikawa inabaki kwenye shuka kama maganda ya kitunguu. Mimi nikasema ni upele. Hapo nikafanya jambo linalonitia kichefuchefu hadi leo kuliko usaha wowote. Nilikwenda kwa mfugaji mmoja karibu na Chita, nikarudi na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Aliniapia kwamba ndama wake walipona ukurutu kwa dawa hiyo. Nikamwogesha dada. Alipiga kelele hadi majirani wakaja, wakasimama kwenye uzio wameziba pua.

Tukampeleka hospitali. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alitusikiliza hadi mwisho.

"Baba, umemwogesha mtu dawa ya kupe?"

Akatueleza kwamba hayakuwa magonjwa matatu, ulikuwa mmoja.

"Kwenu kuna sungusungu wa kulinda mtaa usiku?"

"Wapo."

"Wanamshuku mtu mmoja, wanavunja mlango wake. Ndani wanaona redio, wanadhani ya wizi. Kesho wanamvamia kila mwenye redio kama ile."

Kinga ya mwili wa dada, alisema, ilianza kwa kushambulia kitu kimoja kinachoshikamanisha ngozi laini ya mdomoni. Kwenye uharibifu ule, vitu vingine vilivyokuwa vimejificha vikawa wazi, nayo ikajifunza kuvishambulia pia. Ndivyo ilivyofika kifuani na mgongoni.

"Hauambukizi," akamaliza. "Kuleni naye. Na hivi vidonge asivimeze tumbo tupu."

Nyumbani, bakuli lake lilibaki pale pale. Mama hakulirudisha, na mimi sikusema neno, kwa sababu lilinifaa. Nilikuwa nimeanza kwa kukwepa mdomo wake. Kisha kikombe. Kisha kigoda alichokalia. Siku moja binti wa dada alinipa chungwa alilolimenya, nikalitupa nyuma ya choo.

Dada akagoma kula. "Kuwekewa pembeni kama mbwa? Mniache." Siku mbili vidonge vilikaa dirishani, na malengelenge mapya yakatoka shingoni.

Siku ya tatu, mchana, nilimwambia mama apakue wali na perege kwenye sinia moja. Nikaketi mbele ya dada. Alinitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma sana.

"Ulikuwa unakula panya wa shambani na mkia wake, wewe. Leo umeogopa mate yangu?"

"Nimekaa, dada. Kula."

"Anza wewe."

Akachukua samaki, akachambua miiba polepole kwa vidole vilivyobanduka ngozi kandokando ya kucha, akaiweka ile nyama upande wangu. Ilikuwa na alama ya unyevu wa vidole vyake. Harufu ilikuwa ile ile ya siku niliyofika.

Nikaweka mdomoni, nikameza. Alinisubiri nimeze kweli, akanikagua kama alivyonikagua utotoni, ndipo akatengeneza tonge lake dogo.

"Niletee hivyo vidonge," akasema.

Nilikwenda dirishani, nikasimama kidogo nimeubana mdomo nisitapike, kisha nikarudi navyo, nikaketi tena mbele yake, sinia likiwa bado limejaa.