Kumi na Mmoja wa Jumatano

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawajawahi kunywa chai ya kikundi cha Jumatano. Mama Mashuka alikuwa na ndugu wanne wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba goti lake la kushoto humsumbua mvua ikikaribia. Kikundi kilijua. Kilijua goti, kilijua presha, kilijua pia kwamba mwanawe wa pekee, aliyehamia mbali kikazi, huahidi kupiga simu kila Jumapili na hupiga Jumapili moja katika tatu.

Jina lake alilipatia kazini. Miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa hospitali, kwenye chumba cha nyuma chenye joto la kumwivisha mtu. Alijua kwamba shuka lenye damu huloweshwa maji baridi kwanza, maana ukilitia maji ya moto doa linaganda na halitoki hata uite malaika. Alijua kukunja shuka na mwenzake, kila mmoja na pembe zake mbili, wanakutana, wanaachana, wanakutana tena, huku wakiwasengenya madaktari bila kukosea mkunjo. Watu wa kanisani wakalisikia jina hilo, wakalichukua, na hata mchungaji akawa halijui jingine.

Kikundi chenyewe kilikuwa na watu kumi na mmoja. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Maandiko mstari kwa mstari, wakaulizana, wakaombeana, halafu wakanywa chai na kucheka. Kiongozi alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Aliyeongea kwa niaba yake, bila kuombwa, ni mwalimu mstaafu, ambaye hakuwahi kuacha mstari upite bila kuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi. Sura moja iliwachukua wiki sita. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe atafika mbinguni wengine wote wameshamaliza kula.

Mama Mashuka alipofiwa na mumewe, miaka mitano nyuma, ndipo alipokijua kikundi kilivyo. Wanawake walipokezana kulala kwake wiki tatu. Mwalimu alikaa sebuleni saa nzima bila kumsahihisha mtu. Fundi bomba alikuja akalifungua bomba la jikoni ambalo halikuwa na ubaya wowote, akalifunga tena, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mambo kama hayo mtu hasahau, jamani.

Sasa, mchungaji alikuwa na kanuni yake: kikundi kikifika watu kumi na wawili, kinazaa kingine. Nusu wanabaki, nusu wanakwenda kuanzisha kipya. Mama Mashuka alimfuata ofisini kumkumbusha kwamba Bwana Yesu mwenyewe alikuwa na kumi na wawili na hakuwagawa. Mchungaji akatabasamu, akajibu kwamba aliwatuma wawili wawili. Mama Mashuka akatoka ofisini amenuna hadi nyumbani.

Alikuwa ameshaona kikundi cha Jumanne kilivyozaa. Watu waliokuwa wakijua ugonjwa wa kila mmoja sasa walipungiana mikono Jumapili kama wapangaji wa nyumba moja. Akajisemea kuwa kwao haitatokea. Tena alikuwa na namna ya kuzuia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkaribishaji wa wageni. Alisimama mlangoni mwa kanisa na daftari, akaandika majina, akawaelekeza watu kwenye vikundi. Mpe fisi bucha alinde!

Kisha mpaka rangi mmoja akatokea Jumapili moja akiwa na rangi nyeupe kwenye kucha. Mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja kupaka jengo moja la ghorofa, kazi ikaisha, akabaki akipaka nyumba za watu. Alipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimwendea Mama Mashuka baada ya ibada, akamwambia kwamba amesikia habari za kikundi cha Jumatano na angependa kujiunga, siku hiyo hutoka kazini mapema.

Mama Mashuka alihesabu haraka moyoni. Kumi na mmoja na mmoja.

"Kimejaa, kaka yangu," alisema. "Hata viti hakuna."

"Hata pa kukaa chini?"

"Hata pa kukaa chini. Subiri kidogo, kitafunguliwa kingine."

Mtu yule akamshukuru. Laiti angenuna, angebisha, Mama Mashuka angelala vizuri. Lakini alimshukuru, akainamisha kichwa, akaenda zake. Wiki nzima Mama Mashuka alipiga mashuka pasi akibishana na Mungu. Alimwambia kwamba yeye si mtu mbaya, kwamba hajaiba wala hajaua, kwamba wapaka rangi ni wengi na vikundi ni vingi. Aliyejibu ni mwenzake wa upande wa pili wa shuka, akamuuliza anaongea na nani.

Wiki tano baadaye zamu ilikuwa kwa mwalimu. Walikuwa wamemaliza kusoma, chai imeshanywewa duru ya kwanza, na Mama Mashuka akatoka uani na birika kumwaga makapi ya chai. Alipopita chini ya dirisha la sebule, karibu na ukuta, alimwona mtu amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, Biblia wazi mapajani, kidole kwenye mstari. Alikuwa yule mpaka rangi. Alisimama upesi kama mwizi wa kuku.

"Kaka, unafanya nini hapa?"

"Nasoma na nyinyi, mama. Sikutaka kuwabana. Uliniambia viti hakuna, nikaja na ndoo yangu."

Mama Mashuka akamuuliza ni tangu lini. Alisema tangu Jumatano ya kwanza. Alikuwa akiwafuata nyumba kwa nyumba, akiulizia kwa majirani, na wakianza kuimba hapotei tena. Kwa fundi bomba ukuta ni mrefu lakini sauti zinatoka vizuri. Halafu, kwa haya kidogo, akaomba jambo moja.

"Mwalimu akigeukia upande wa jikoni simsikii. Wiki iliyopita, ule mstari wa mwisho, alisema maana yake nini?"

Mama Mashuka akaegemea ukuta. Alijua vizuri sana kilichokuwa mbele yake. Angeweza kumwambia nitakueleza Jumapili, mtu yule angeshukuru tena na kwenda na ndoo yake, na ndani hakuna ambaye angejua. Kumi na mmoja wangebaki kumi na mmoja. Alitamani kufanya hivyo, tusidanganyane. Alisimama pale hadi birika likapoa mkononi. Kisha akamkabidhi lile birika, akaibeba ndoo mwenyewe, akamwingiza kwa mlango wa mbele.

Sebuleni watu waligeuka kumtazama mgeni. Mwalimu aliwapitia wote kwa macho, na midomo yake ilipofika kumi na wawili ikasimama. Mama Mashuka hakukaa. Aliwaeleza yote pale pale, uongo wa viti na wiki tano za ukutani.

Mwalimu akavua miwani. Alisema uongo ni uongo hata ukivalishwa suti, na kwamba mlango wa kanisa si wa mtu binafsi, na mengine mengi. Nyani haoni kundule. Mkewe alikohoa, akamuuliza taratibu kama yule muuza vitabu aliyetaka kujiunga mwezi wa pili yuko wapi siku hizi. Mwalimu akavaa miwani, akaivua tena. Ikabidi aseme: alimwambia kijana yule kwamba kikundi hiki kinasoma kwa kina, hivyo ajiandae nyumbani mwaka mmoja kwanza.

Hapo mabomba yakapasuka. Mkunga, aliyekuwa kwenye kochi karibu na mlango, akakiri kwamba alimwambia mama mmoja kikundi kizima kina mafua. Fundi bomba akajikuna kichwa, akatoa ya kwake: kuna maharusi wawili aliwaambia waliooana karibuni husamehewa vikundi mpaka wazoeane. Kumbe mlango ulikuwa na walinzi wanne! Walicheka hadi mke wa mwalimu akafuta macho kwa kitambaa cha meza, na mpaka rangi, katikati yao na birika mkononi, hakujua kama na yeye acheke.

Kicheko kilipoisha, kumi na wawili walikuwa bado kumi na wawili. Mwalimu akapata wazo. Alisema ndugu huyu aandikwe kuwa ni mgeni, mpaka mwisho wa mwaka, na mgeni hahesabiwi. Wengine wakaitikia kwa furaha. Na mpaka rangi mwenyewe akasema hana neno, hata asipohesabiwa kabisa sawa tu, almradi awe ndani.

Maneno hayo Mama Mashuka hakuyaweza.

"Ahesabiwe," alisema. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtu huyu ahesabiwe leo. Mimi nilikuwa naogopa. Nyumba yangu ni kimya na nyinyi ndio watu niliobaki nao, nawapenda kuliko nilivyowahi kuwaambia. Lakini huyu naye ana chumba kimya, na mimi ndiye niliyemfungia."

Fundi bomba akauliza kwa sauti ya chini nani atakwenda, maana mmoja wao angelazimika kukiongoza kikundi kipya. Kila mtu akaangalia kikombe chake.

"Nitakwenda mimi," alisema Mama Mashuka. "Nyinyi kaeni. Nipeni huyu, na mnitafutie wote mliowafukuza."

Basi ikawa hivyo. Mchungaji alibariki Jumapili iliyofuata, akisifu sana kikundi chenye moyo wa kuzaa, na watu kumi na mmoja kwenye viti vya mbele wakainamisha macho. Muuza vitabu alipatikana, maharusi wakapatikana, na yule mama wa mafua alipopatikana akauliza kwanza kama wameshapona.

Jumatano ya kwanza ya kikundi kipya, zamu ikiwa kwake, Mama Mashuka alitoka kazini akiwa amechoka, mashuka ya wodi mbili yalikuwa yamerudi kwa pamoja. Alikuwa akiwaza vikombe vitatosha au la, na miguu ikaenda kama ilivyozoea. Alishtukia yuko kwenye geti la fundi bomba, mkono umeshashika komeo. Ndani walikuwa wakiimba. Alimtambua mwalimu, mbele ya wenzake kwa neno zima kama kawaida yake. Alimtambua mkunga. Palikuwa na mahali kwenye wimbo ambapo yeye ndiye aliyekuwa akipandisha sauti, na walipofika hapo hakuna aliyepandisha.

Aliachia komeo. Alisimama ukutani, mwanamke mzima na mkoba wake, akasikiliza beti mbili na machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua kwamba yuko pale. Mpaka rangi alikuwa amekaa hivi Jumatano tano.

Ndipo alipokumbuka kwamba ufunguo wa nyumba yake uko kwenye mkoba. Aliondoka mbio mbio, akiongea peke yake njia nzima. Aliwakuta wote watano wamesimama mlangoni kwake, muuza vitabu akiwa na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi, maharusi wameshikana mikono. Mpaka rangi alimpokea mkoba, akamtazama, akamuuliza kama alikuwa analia.

Mama Mashuka akasema ndiyo, amelia, na huenda Jumatano ijayo akalia tena, ila waingie kwanza abandike maji ya chai.