Alteneta ya Nne

Mukhisa alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Bungoma, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi Kitale, na sisi ndio tuliomwita kila mashine iliponyamaza. Nilimpenda, lakini sitamsitiri.

Msimu wa mavuno mwaka jana, foklifti yetu ya kuinulia magunia iliunguza alteneta tatu ndani ya wiki sita. Alteneta ndiyo inayochaji betri. Ikifa, foklifti nayo inazima, na magunia yanabaki chini huku malori yakipiga honi langoni. Dereva wake alikuwa Chelangat, mjane mwenye watoto wanne, mwanamke wa kwanza kuendesha mashine ile. Meneja wetu, Kinyua, hakumtaka tangu siku ya kwanza. Ilipoungua ya tatu alisema mbele yetu sote, "Ya nne ikiungua, huyu mama aende nyumbani."

Mukhisa alikuja mara zote tatu. Alikaza mkanda, akapuliza vumbi la mahindi, akabadilisha nyaya, kisha akaondoka mbio mara tu alipoona inachaji. Safari ya tatu Chelangat alimsogelea.

"Fundi, si hii maneno ya betri..."

"Madam, wewe endesha," Mukhisa alimkata bila hata kuinua kichwa. "Mambo ya umeme niachie mimi, bana."

Tulicheka sote. Naona aibu kuandika hivyo.

Ya nne iliungua Alhamisi, siku tisa baadaye. Kabla ya saa sita Chelangat alikuwa amekabidhi funguo na kuvua koti la kazi. Mukhisa alifika saa nane, akafunga alteneta ya tano, akawasha, ikachaji vizuri. Safari hii hakuondoka. Aliegemea ukuta akaitazama tu, kwa sababu sasa hata yeye aliogopa.

Ndipo Job, mpakiaji wetu wa siku nyingi, akaja na spana. Foklifti ikinguruma vilevile, alifungua nyaya, akainua betri begani aende kuwashia mashine ya kukausha mahindi. Betri ya mashine hiyo ilikuwa imekufa tangu Septemba na Kinyua hakuwa amenunua nyingine.

Mukhisa alipiga ukelele. Betri ikitolewa injini ikiwaka, umeme wa alteneta unakosa pa kwenda na kuichoma yenyewe. Fundi yeyote anajua hilo.

"Nani amewafundisha huu ujinga?"

Job alishangaa. "Si ni wewe, fundi? Ile mwaka ya trakta mzee."

Ni kweli. Trakta ile kuukuu ilikuwa na dainamo, chaja ya kizamani, nayo ilivumilia kutolewa betri injini ikiwaka.

Mukhisa alikwenda ofisini akasema kosa ni lake. Kinyua alituma betri ikanunuliwe jioni ileile. Kuhusu Chelangat, alisema ameshaandika dereva mwingine.

Jumapili nilimpeleka Mukhisa nyumbani kwa Chelangat, kando ya barabara ya Suam. Tulimkuta akipukuchua mahindi ya jirani kwa mikono. Mukhisa alieleza yote akiwa amesimama, akaomba msamaha. Chelangat hakuacha kupukuchua.

"Mimi nilikuwa naona wakitoa hiyo betri kila siku," alisema. "Nilikuja kukuuliza kama ni sawa. Ukaniambia niendeshe."