Kompaila, Kitambaa na Maharage ya Mkuu

Mkuu wa shule yetu hapa Kibondo hana ugomvi na kompyuta. Anachotaka ni chumba tu. Shamba la shule lilizaa kupita kiasi, stoo ikajaa, mvua nazo zikagoma kuisha, maharage hayakauki. Basi macho yake yakatua kwenye chumba cha kompyuta.

"Ijumaa anakuja mgeni kutoka wilayani," alituambia sisi wanne wa klabu. "Programu yenu ikifanya kazi, mnabaki. Isipofanya, naingiza maharage. Maharage hayajawahi kuniaibisha mbele ya wageni."

Programu yenyewe inapanga zamu za usafi. (Jina langu, sijui kwa nini, huwa halitoki.) Shida ilikuwa kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu inachokielewa mashine. Tuliinakili kwa fleshi kwenye stationery moja ya Kasulu, na kila tukiiwasha inaanguka: amri batili. Kompyuta yetu ni ya msaada, ya umri wa kuamkiwa shikamoo. Rafiki yangu wa Busunzu, mtu wa ajabu anayesoma maelekezo mpaka mwisho, ndiye aliyegundua: kompaila ile ilitengenezewa mashine mpya, inatoa amri ambazo bibi huyu hajawahi kuzisikia.

"Msimbo wake asili, yaani maandishi yaliyoitengeneza, umo kwenye fleshi," akasema. "Tuijenge upya humu humu, kwa kompaila kuukuu iliyomo; programu yetu haiiwezi, lakini hii itaiweza. Itakayozaliwa hapa itaongea kibibi."

"Muda gani?"

"Saa saba. Ukisali, sita."

Jumatano asubuhi tukaanzisha ujenzi, tukaenda darasani. Kurudi mchana, kioo cheusi, mashine ya moto kama jiko la makaa. Matroni alikuwa amepita kufanya usafi, na kwa heshima ya mgeni akaifunika yote, mbele mpaka nyuma, kwa kitambaa chake kizito cha kutarizi, kama redio ya sebuleni kwake.

"Mama, umeiziba pumzi!"

"Nimeisitiri. Mnataka mgeni aikute uchi?"

Alhamisi asubuhi tukaanza ujenzi upya, tukailinda mashine kwa zamu. Mimi niliumwa tumbo vipindi viwili vya hesabu. Kwa ajili ya klabu niko tayari kuteseka hivyo hata mwaka mzima. Saa nane Mkuu akaja kuchungulia. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, panapotoka hewa ya moto, akakiacha hapo huku macho yakimng'aa. Ile ndiyo sura yake ya kupata wazo. Tunaiogopa kuliko fimbo.

Saa kumi jioni ujenzi ukaisha. Tukaiwasha kompaila. Haikuanguka. Rafiki yangu akaizima na kuiwasha mara tatu, kama anayemshuku mgonjwa aliyepona ghafla.

Ijumaa mgeni akapiga makofi, akala, akaondoka. Chumba kikabaki chetu.

Jumatatu Mkuu akaingia na trei mbili za maharage yenye unyevu, akazipanga taratibu nyuma ya kompyuta.

"Vijana," akasema, "kijengeni tena kile kitu."

"Lakini Mkuu, ni nzima."

"Nimewauliza kama ni nzima?"