Binti yangu alieleza habari za hedhi kwa daktari nikiwa nimekaa hapo hapo

Wakuu, heshima kwenu. Haya yameikuta familia yangu, tunaishi Kizwite hapa Sumbawanga. Chumvi sijatia.

Nina binti yuko form two, shule ya bweni, mpole, haongei sana.

Likizo tulikuwa shambani Mollo tunavuna ulezi, kila nikigeuka namkuta amekaa chini. Anasema amechoka tu. Mara akaanguka. Kumwinua, viganja vyeupe kabisa na moyo unamwenda mbio.

Mama yake alikuwa Kabwe ziwani, amefuata samaki wa biashara, migebuka, simu haipatikani. Jirani yetu wa shambani, Msukuma mfugaji, akatupakia kwenye pikipiki yake hadi hospitali.

Wakapima HB, yaani wingi wa damu, iko chini mno.

Daktari, dada mmoja mtulivu, akanieleza kwamba upungufu wa damu ukiwa mdogo unatibiwa kwa vidonge vya madini chuma na chakula. Ila huyu anahema hata akiwa amelala, kwa hiyo ataongezewa damu leo leo.

Kisha akamuuliza binti damu inapotelea wapi.

Binti akanitupia jicho.

Daktari akaniangalia. Nikaelewa, nikainuka nitoke. Mnajua wenyewe, kwetu baba hakai kwenye maongezi hayo.

Binti akanishika mkono.

"Baba, kaa. Mama hayupo. Nikizimia, nani atawaeleza?"

Nikakaa, macho sakafuni.

Akasema yote, taratibu, bila kulia. Hedhi ikianza haikati, pedi moja haimalizi kipindi darasani. Alipong'olewa jino, damu ilitoka hadi kesho yake. Puani nako hutoka mara kwa mara.

Daktari akaacha kuandika. Akasema damu ya kuongezewa itamwinua, lakini kama yake haigandi vizuri, hata hiyo itavuja. Akachukua sampuli kabla ya kumwekea damu, akampa na dawa ya kuzuia kuvuja.

Mimi na yule Msukuma tukaenda kuchangia damu. Sikumwomba, alikunja shati mwenyewe.

Majibu yalipokuja: tatizo la damu kuganda, la kuzaliwa nalo. Sasa ana dawa ya kutumia siku zake zikifika. Aspirini amekatazwa. Akija kufanyiwa upasuaji au kuzaa, hospitali ijue mapema, maana anaweza kuhitaji plazma, ile sehemu ya damu yenye vitu vya kugandisha.

Amerudi shule, ana nguvu zake.

Juzi mwalimu wa malezi kanipigia. Binti amewaeleza wenzake bwenini yaliyompata, na wawili wenye dalili kama zake wamejitokeza, wamepelekwa kupimwa. Mwalimu akaniuliza huyu mtoto ujasiri huu kautoa wapi.

Wakuu, nilimshukuru mwalimu. Nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani kama mwehu.

Nilichojifunza: akina baba, mtoto akianza kueleza, usitoke. Na damu ikishaongezwa, uliza ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Mwenye mtoto wa hali hii, mnaishi naye vipi? Madaktari mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Nasoma kila comment, na binti nitamsomea.